Risasi ya Biblia si masasi

Katika somo la Biblia hapa Kalima tulikuwa tunasoma Kutoka sura ya 15, wimbo wa Musa baada ya kuvuka bahari. Tulipofika mstari wa 10, pale jeshi la Farao linapozama kama risasi, kijana mmoja akauliza: "Pasta, Waisraeli waliwapiga Wamisri masasi?" Wengine wakacheka. Mama mmoja hakucheka. Katika jimbo letu neno hilo limeingia katika nyumba nyingi kwa njia mbaya.

Biblia inayosomwa sana katika makanisa yetu ni ile ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952. Ndani yake risasi ni jina la madini, yale ambayo kwa Kifaransa tunaita plomb. Neno limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ndiyo hiyo. Bunduki zilipokuja, vidonge vyake vilitengenezwa kwa risasi iliyoyeyushwa, basi jina la madini likahamia kwenye kile kinachotoka bundukini. Sisi tumebaki na maana ya pili tu, tena kwa matamshi yetu: masasi. Lakini someni Hesabu 31:22. Risasi imewekwa pamoja na dhahabu, fedha, shaba, chuma na bati. Na bati ndilo linalotoka katika kasiterite yetu. Mtu wa Kalima asishindwe na orodha hiyo!

Anayeosha kasiterite mtoni anajua kwamba mchanga unakwenda na maji, na kilicho kizito kinabaki chini. Risasi inapita kasiterite kwa uzito: lita moja ni zaidi ya kilo 11. Musa anaimba juu ya uzito huo. Magari 600 yaliyochaguliwa (14:7) yalishuka chini, na Israeli hawakurusha hata jiwe. Kwa hiyo anayetumia mstari huu kubariki silaha ameusoma vibaya.

Katika Ayubu 19:24 neno linafanya kazi nyingine kabisa. Ayubu anatamani maneno yake yachorwe mwambani kwa kalamu ya chuma na risasi. Msikilizaji wa leo anaweza kuwaza ukuta uliotobolewa na masasi, tunaofahamu sana. Wafafanuzi wengi wanaeleza kwamba herufi zilichimbwa kwa chuma, kisha risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa ndani yake ili zisifutike. Huyu ni baba aliyefiwa na watoto wake wote, rafiki zake wanamwambia kosa ni lake, naye anaomba ushuhuda wake usipotee. Mara tu baadaye, mstari wa 25, anamtaja Mteteaji wake aliye hai.

Mama yule aliomba turudie sura hiyo juma lililofuata, tukairudia.

Ndugu wanaosoma Neno ibadani, mkifika kwenye Yeremia 6:29, Ezekieli 22:18 au Zekaria 5:7, semeni kwanza kwamba ni madini, ndipo msome.