Sura ya 5: Dharau Iliyojengwa

Kati ya mwaka 1607 na 1811 wafalme wa Korea walituma Japani misafara 12 ya mabalozi. Msafara mmoja ulikuwa na watu 300 hadi 500: maofisa, waganga, wachoraji, wapiga muziki, washairi. Kila walipofikia, wasomi wa Kijapani walijaa mlangoni wakitaka waandikiwe shairi au wafafanuliwe mafundisho ya Confucius. Hawakujua lugha ya wageni wao, lakini pande zote mbili zilisoma maandishi ya Kichina, basi walizungumza kwa brashi na karatasi. Si kwamba palikuwa na mapenzi matupu; majeshi ya Toyotomi Hideyoshi yalikuwa yameiteketeza Korea kuanzia 1592 hadi 1598. Hata hivyo, kwa msomi wa Japani wa wakati ule Korea ilikuwa nchi ya kuheshimiwa, na China ilikuwa mwalimu wa wote.

Naanzia huko kwa sababu wengi hudhani kwamba Wajapani wamewadharau majirani zao tangu na tangu, kana kwamba ni jambo la damu. Sivyo. Dharau hiyo ina umri unaohesabika, na baadhi ya walioijenga tunawajua kwa majina.

Ilianza na hofu. China ilipigwa na Waingereza katika Vita vya Kasumba, na mwaka 1853 manowari za Marekani zikatia nanga karibu na Edo, mji unaoitwa Tokyo leo. Viongozi walioshika madaraka mwaka 1868 waliona dunia ina wanaotawala na wanaotawaliwa, wakaapa kwamba Japani haitakuwa miongoni mwa hao wa pili. Machi 1885 gazeti la Jiji Shinpo lilichapa tahariri isiyo na jina, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya mwanzilishi wake, Fukuzawa Yukichi. Hoja yake: Japani isiwasubiri Wachina na Wakorea waamke, bali ijitenge nao na kuwatendea kama Wazungu wanavyowatendea. Miezi michache kabla, wanamageuzi wa Kikorea aliowaunga mkono walikuwa wameshindwa katika mapinduzi yao, na baadhi yao kuuawa. Uchungu wake unaeleweka. Lakini uchungu ulipita, wazo likabaki. Japani iliichukua Taiwan mwaka 1895 na Korea mwaka 1910. Katikati ya hapo, mwaka 1903 kwenye maonyesho mjini Osaka, Waainu wa kaskazini mwa Japani, wenyeji wa Taiwan, watu wa Okinawa na Wakorea waliwekwa ndani ya banda ili watazamwe kwa kiingilio. Waokinawa walilalamika vikali, na sehemu ya malalamiko yao ilikuwa kwamba wamewekwa pamoja na Waainu.

Tarehe 1 Septemba 1923, karibu saa sita mchana, tetemeko la ardhi liliipiga Tokyo na Yokohama. Moto ukafuata, na watu zaidi ya 100,000 wakafa. Muda si muda ukazuka uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani. Polisi waliueneza, na Wizara ya Mambo ya Ndani ikautuma mikoani kwa telegramu. Wanaume wa mitaani wakaunda sungusungu, wakashika panga na mikuki ya mianzi, wakaweka vizuizi njiani na kumlazimisha mpita njia kutamka maneno ambayo Mkorea hupata taabu kuyatamka. Waliuawa Wakorea kwa maelfu, na Wachina kwa mamia. Katika kijiji cha Fukuda, mkoani Chiba, waliuawa wachuuzi 9 wa dawa waliotoka mkoa wa Kagawa, nao wakiwa Wajapani, kwa kuwa lafudhi yao ilikuwa ngeni. Kule Tsurumi, mkuu wa polisi Okawa Tsunekichi aliwahifadhi Wakorea wapatao 300 na kuukabili umati uliowataka. Okawa alikuwa mtu wa zama zile zile, na uvumi ule ule ulimfikia.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 Wakorea wapatao milioni 2 walikuwa Japani; laki 6 hivi walibaki. Mwaka 1952 serikali iliwavua wote uraia wa Japani kwa waraka wa wizara, bila kuwauliza. Watoto waliozaliwa Osaka wakawa wageni, na walipokua wakachukuliwa alama za vidole. Wengi walijificha nyuma ya majina ya Kijapani. Pak Chong-sok alifanya hivyo mwaka 1970, akafaulu mtihani wa kuajiriwa Hitachi, akanyimwa kazi asili yake ilipojulikana. Alishtaki, na mwaka 1974 mahakama ya Yokohama ikampa ushindi.

Hisia za watu hupanda na kushuka. Katika kura za maoni za serikali, karibu Wajapani 8 kati ya 10 walisema mwaka 1980 kwamba China wanaihisi kuwa karibu nao. Mwaka 2012, wakati wa ugomvi na China juu ya visiwa vya Senkaku, hawakufika 2. Tamthilia ya Kikorea ya Winter Sonata, iliyoanza kuonyeshwa na shirika la utangazaji la NHK mwaka 2003, iliwafanya akina mama wengi kujifunza Kikorea. Mwaka 2009 wabaguzi walipiga kelele za matusi nje ya shule ya msingi ya Wakorea mjini Kyoto, watoto wakiwa ndani. Sheria ya 2016 dhidi ya matusi ya aina hiyo haina adhabu. Mji wa Kawasaki ndio uliotangulia kuweka faini, hadi yen 500,000.

Kila Septemba 1 waliouawa mwaka 1923 hukumbukwa katika bustani ya Yokoamicho, Tokyo. Tangu 2017 Gavana Koike Yuriko ameacha kutuma salamu za rambirambi, ambazo hapo awali zilikuwa desturi. Mwaka 2023, mauaji hayo yalipotimiza miaka 100, msemaji mkuu wa serikali alisema hakuna kumbukumbu za serikali za kuyathibitisha. Lakini baadhi ya wauaji walihukumiwa na mahakama za Japani zenyewe, na ripoti ya kamati ya serikali inayaeleza mauaji hayo. Kumbukumbu zipo, na serikali inapaswa kuzikiri hadharani.