Siku Moja Katika Makumbusho Madogo ya Lamu

Wengi wetu tuwapelekapo watoto Lamu huwaonyesha Ngome na punda, tukala, tukarudi botini. Ngome ni ya kuonwa, kwani ilianza kujengwa 1813 na kumalizika 1821. Lakini likizo iliyopita, nilipokwenda na mama yangu na watoto wangu wawili, yaliyotukaa moyoni ni majumba mawili ambayo mtu huweza kuyapita asijue.

La kwanza liko Usita wa Mui, barabara kuu ya ndani. Ni posta ya Wajerumani! Waliifungua Novemba 1888, walipokuwa wakitafuta njia ya kuingilia Usultani wa Witu ulioko bara, wakaifunga Machi 1891, baada ya kuwaachia Waingereza Witu kwa mapatano ya 1890. Ni padogo, nusu saa yatosha. Mwanangu aliuliza barua zilichukua muda gani kufika. Bibi yake akamjibu, "Ya babu yako kutoka Maskati niliingoja msimu mzima, mpaka kaskazi ivume."

La pili ni Nyumba ya Waswahili, ya karne ya 18. Mama alivua viatu mlangoni kabla ya kuambiwa. Ndani mna zidaka zilizochongwa ukutani, na birika la maji ambamo watu wa kale walifuga samaki wadogo wawale viluwiluwi vya mbu. Watoto waliganda hapo.

Katika vyombo vya jikoni, binti yangu wa miaka kumi na miwili alinyoosha kidole. "Bibi, hii ni kofia ya nani?" Kilikuwa kifumbu. Mama alicheka hadi machozi yakamtoka. Mimi nilicheka kidogo tu. Tui la nyumbani kwangu hutoka katika pakiti.

Kisha tukaingia nyumba ya kati, chumba cha nyuma kabisa. Mama akanyamaza. Akasema chumba kama hiki ndimo alimozaliwa, na ndimo alimooshwa mamake kabla ya kusaliwa. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kusema.

Tuliswali adhuhuri, tukatafuta pa kula. Nawanasihi muache hoteli za ufuoni zenye vitambaa mezani, muingie vichochoroni wanakokula wenyeji. Msiulize orodha ya vyakula, ulizeni kilichoiva. Tulikaa kwenye benchi, tukaletewa wali wa nazi na samaki wa kupaka, na maji ya ukwaju ya baridi. Mama alionja mchuzi, akatikisa kichwa.

"Hili ni tui la kukamuliwa," akasema, akimtazama mjukuu wake.

Kabla ya kupanda boti tulipitia sokoni. Binti ndiye aliyekichagua kifumbu, na ndiye aliyekipakata njia nzima hadi Mombasa.