Chombo cha Mkutano ni Mtumishi, si Bwana

Tarehe 5 Mei, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliufunga mtandao wa Skype, ambao tangu mwaka 2003 ulikuwa ukiwaunganisha watu wa pembe zote za dunia kwa sauti na kwa picha. Kampuni hiyo ilikuwa imeununua mtandao huo mwaka 2011 kwa dola za Marekani bilioni 8 na nusu. Bei hiyo kubwa haikuuokoa. Tangazo la kufungwa lilitolewa mwishoni mwa Februari, na kwa muda wa miezi miwili hivi wale waliokuwa wameweka humo majina yote ya wateja wao walilazimika kufungasha na kutafuta pengine pa kuhamia.

Huenda wako watakaodhani kwamba hayo ni mambo ya mataifa tajiri. Lakini kwa hakika yana fundisho kubwa kwa mwananchi wa Namatala, mtaa wa watu wa kipato kidogo na wa makabila mengi katika mji wa Mbale, mashariki ya Uganda, na pia kwa mwenzake wa Jinja. Mshona nguo, mfanyabiashara wa mchele, seremala, mfasiri, na kijana anayefanya kazi za kompyuta kwa kujiajiri mwenyewe, wote hao sasa wanaambiwa kwamba biashara haiendi bila ya mikutano ya intaneti. Wanaambiwa hivyo, lakini ni nadra kuelezwa ni chombo gani kinachofaa, na kwa nini.

Umuhimu wa jambo lenyewe haubishaniwi. Eneo la Mbale, chini ya Mlima Elgon, limekuwa likiuza mazao yake mbali kwa miaka mingi. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, kilichoundwa mwaka 1954, kilijengwa juu ya kahawa inayonywewa ng'ambo. Lakini kwa mtu mdogo, kuonana na mnunuzi wa Kampala bado kulimaanisha safari ya zaidi ya kilomita 200, nauli ya kwenda na kurudi, na duka kufungwa kutwa nzima. Mwezi Machi, 2020, serikali ilipozuia usafiri kwa ajili ya ugonjwa wa korona, hata safari hiyo haikuwezekana. Mwishoni mwa Julai, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuua watu zaidi ya 20. Nyakati kama hizo humfundisha mfanyabiashara kwamba njia moja tu ya kumfikia mteja haitoshi.

Hivyo basi swali si kama mikutano ya intaneti ina faida. Swali ni jinsi ya kuchagua. Wengi huchagua kwa kuiga: kwa kuwa shirika kubwa la Kampala linatumia Zoom, basi na fundi wa Namatala naye aone kuwa ni lazima alipie Zoom. Huo ni sawa na mkulima wa nusu eka kununua trekta kwa sababu jirani mwenye shamba la eka mia analo.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni mteja. Chombo bora ni kile ambacho mteja tayari anacho na anajua kukitumia. Kwa wateja wa mjini na wa nchi jirani, mara nyingi hicho ni WhatsApp, ambayo tangu mwaka 2022 inaruhusu watu 32 kuzungumza pamoja kwa picha. Kwa mteja wa Ulaya au Marekani, yeye mwenyewe ndiye atakayesema anatumia nini. Hapo yafaa ikumbukwe kanuni moja ambayo wengi hawaijui: katika vyombo hivi, anayealika ndiye anayelipa, na mwalikwa huingia bure. Kwa hiyo anayejiajiri hana sababu ya kununua kibali cha kila mwezi ili ahudhurie mkutano wa tajiri wake. Amwombe tajiri huyo autayarishe mkutano yeye.

Jambo la pili ni muda. Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40, na tangu mwaka 2022 kikomo hicho huwabana hata watu wawili. Google Meet ya bure huwaruhusu watu watatu na zaidi kwa dakika 60, na watu wawili kwa muda mrefu zaidi. Teams ya Microsoft, ile ya bure, nayo huishia dakika 60 kwa kikundi. Jitsi haitozi kitu, na programu yake iko wazi kwa kila mtu, hata mwenye ujuzi anaweza kuiweka katika kompyuta yake mwenyewe. Ila tangu mwaka 2023 anayefungua mkutano katika mtambo wa hadhara wa Jitsi sharti ajitambulishe kwanza. Mwenye mashauri ya nusu saa, basi, hana haja ya kulipa hata senti moja. Anayefundisha darasa la saa mbili kila siku, huyo hesabu yake ni nyingine. Agawe ada ya mwezi kwa idadi ya masomo, ndipo aamue.

Jambo la tatu, na ndilo linalowaumiza wengi, ni gharama ya data. Nchini Uganda data hutozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai, 2021, ulipochukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyowekwa mwaka 2018 kwa watumiaji wa mitandao ya jamii. Kwa maelezo ya Zoom yenyewe, mkutano wa watu wawili wenye picha ya kawaida unahitaji kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Kwa saa moja hizo ni megabaiti 540. Sauti peke yake hufikia kilobiti 80 kila upande, yaani megabaiti 72 kwa saa. Hesabu hiyo yaonyesha wazi kwamba kwa gharama ya mkutano mmoja wa picha, mtu anaweza kufanya mikutano saba ya sauti na akabakiwa na akiba. Kamera na ifunguliwe pale mteja anapotaka kuona mshono wa nguo au ubora wa mchele. Baada ya hapo ifungwe. Si utovu wa adabu kufunga kamera. Utovu wa adabu ni kutoweka katikati ya mapatano kwa sababu kifurushi kimekwisha.

Jambo la nne ni siri. Mazungumzo ya bei, ya madeni na ya majina ya wanachama wa kikundi cha akiba si ya kusikiwa na kila mpita njia. Mwaka 2020 dunia ilishuhudia wahuni wakivamia mikutano iliyoachwa bila ulinzi. Kinga yake ni rahisi: mkutano uwekewe neno la siri, wageni wapite kwanza katika chumba cha kusubiri, na kiungo kisitangazwe ovyo. Pia sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu yawahusu hata wafanyabiashara wadogo. Anayetaka kunasa mazungumzo hana budi kuwaomba wenzake ruhusa kwanza.

Jambo la tano ni kujihadhari na siku ambayo chombo hakipo. Jioni ya tarehe 13 Januari, 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima, na haikurudishwa hadi tarehe 18. Umeme nao hukatika bila taarifa, na mawasiliano hudhoofika mvua inaponyesha. Kwa hiyo kila mkutano wa maana uwe na mapatano ya pembeni: ikiwa mtandao utakatika, nani atampigia nani kwa simu ya kawaida, na kwa namba ipi. Majina na namba za wateja yaandikwe katika daftari. Waliokuwa na daftari siku Skype ilipofungwa hawakupoteza mteja.

Wako watakaosema kwamba yote haya ni mzigo kwa mtu ambaye hana hata kompyuta. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake linapatikana katika historia ya Mbale yenyewe. Mkulima mmoja wa kahawa hakuweza peke yake kumfikia mnunuzi wa ng'ambo. Wakulima waliounganisha nguvu zao waliweza. Mafundi kumi wa mtaa mmoja hawahitaji kompyuta kumi. Wanahitaji chumba kimoja kilicho tulivu, kompyuta moja, betri moja ya kuhimili umeme ukikatika, na ratiba inayoheshimiwa na wote. Ikiwa mikutano yao itazidi mipaka ya bure, chama chao ndicho kilipie, wala si kila mtu mfukoni mwake.

Kupanga ni kuchagua. Kampuni zinazotengeneza vyombo hivi zina malengo yao, nazo zitabadilisha masharti, zitapandisha ada, au zitafunga milango siku zitakapoona faida haipo. Hakuna mwananchi wa Namatala awezaye kuzizuia. Lakini anaweza kukataa kuwa mateka wa chombo kimoja. Afahamu haja yake, ahesabu data yake, alinde siri ya mteja wake, na aweke daftari lake mahali pa salama. Chombo kikienda, kazi yake itabaki, na mteja wake atajua pa kumpata.