Zulia la Wazapoteki na Haki ya Mfumaji

Katika jimbo la Oaxaca, kusini mwa Meksiko, upo mji mdogo uitwao Teotitlán del Valle. Wenyeji wake, Wazapoteki, ni wafumaji tangu zamani. Awali walifuma pamba. Wahispania walipoingia katika karne ya 16 walileta kondoo na kitanda cha mfumi kiendeshwacho kwa miguu, ndipo sufu ikashika nafasi.

Kazi huanza mbali na kitanda. Sufu huoshwa, huchanwa, husokotwa, kisha hutiwa rangi. Nyekundu hutokana na kidudu kiishicho juu ya mpungate, ambacho hukaushwa na kusagwa. Kikitiwa maji ya ndimu, wekundu huelekea rangi ya chungwa. Kikitiwa magadi, hugeuka zambarau. Buluu hutoka katika nili. Ndipo mfumaji husimama mbele ya kitanda, akafuma nakshi mfano wa zile zilizochongwa katika mawe ya magofu ya Mitla, yasiyo mbali na hapo. Zulia kubwa huweza kuchukua miezi.

Leo rangi za viwandani ni rahisi, na mazulia ya kuigiza huuzwa kwa bei ya chini. Mnunuzi asiyejua tofauti husema, "Punguza." Mfumaji akipunguza mno, mwanawe hatarithi kitanda kile.

Basi nasi, kabla hatujakata bei ya kazi ya mkono, hata iwe kofia ya mshonaji wa mtaani kwetu, tuulize kwanza: imechukua siku ngapi?