Je, Wajua? Leonardo da Vinci Naye Aliomba Kazi

Mnamo 1482 hivi, Leonardo da Vinci, mchoraji wa miaka 30 kutoka Florence, alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, akiomba kazi. Wengi huiita barua ile wasifu wa kazi wa kwanza. Sforza alihitaji silaha, basi Leonardo akatanguliza madaraja mepesi ya vitani, mizinga na magari ya deraya. Uchoraji, fani yake hasa, aliutaja mwishoni!

Mhitimu wa chuo, au mwalimu anayetaka kuhamia benki, naye katika wasifu wake aanze na anachokitafuta mwajiri. Ulikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi? Tangazo la kazi likitaka mtu wa hesabu, hilo lipande juu kabisa. Shule ya msingi ishuke, hata itoke.