Kamba zinakoroma: tusikimbilie tupa

Leo tunataka kueleza jambo moja linalovunja moyo wa wengi wanaoanza kujifunza ukulele, ile gitare ndogo ya kamba nne. Unapiga kamba, unangojea sauti safi, kumbe inatoka zzzz kama nyuki ndani ya kopo. Sisi tunasema gitare inakoroma. Mmoja anaiweka pembeni, anasema ni ya bure. Mwingine anakamata tupa na kuanza kukwangua. Huyu wa pili ndiye anayeleta hasara, maana kilichokwanguliwa hakirudi tena, na gitare moja kwetu inapita katika mikono ya watu wengi.

Mvumo wenyewe si kitu kibaya. Mafundi wa likembe hapa Kongo wanavisha pete ndogo za chuma kwenye ndimi zake makusudi, ili zivume. Lakini ukulele ina desturi nyingine. Ilizaliwa Hawaii, mikononi mwa maseremala Wareno waliotoka kisiwa cha Madeira na kufika Honolulu mwaka 1879. Kamba yake inatakiwa kucheza katika hewa pasipo kugusa kitu. Basi, ikikoroma, ama kamba inagusa kitu, ama kuna kitu kimelegea. Kazi yetu ni kukitafuta.

Tupatane kwanza juu ya majina. Vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo tutaviita vyuma. Kale kamti ao kaplastiki kenye mikato minne, karibu na funguo, ni daraja la juu. Kale kengine, juu ya tumbo la gitare, ni daraja la chini.

Kwanza, angalia kamba. Ukulele ya kawaida inafungwa sol, do, mi, la. Ukiifunga chini kuliko pale, kamba inalegea, inayumba sana na kupiga vyuma. Nailoni mpya inajivuta siku kadhaa. Kila mara uikaze tena kabla ya kuanza. Wengine wetu wanatumia nailoni ya kuvulia samaki, inayouzwa kando ya ziwa. Inafaa, lakini usikamate nyembamba sana, zaidi kwa kamba ya do: nyembamba itafika kwenye sauti ile ingali imelegea, na itakoroma tu. Nyuzi za breki ya baiskeli usizifunge kabisa juu ya ukulele. Chuma kinavuta kwa nguvu nyingi, kinaweza kung'oa daraja la chini.

Pili, angalia mkono. Kidole kibonyeze karibu kabisa na chuma, upande wa funguo, si katikati ya nafasi, wala si juu ya chuma chenyewe. Tumia ncha ya kidole, na kucha ziwe fupi. Mkono wa kupiga nao usitumie nguvu ya kutwanga sombe. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipiga gitare yake kwa kidole gumba na kidole cha kwanza tu, na Afrika nzima ikamsikia.

Tatu, tafuta kilicholegea. Piga kamba, na mwenzako ashike kitu kimoja kimoja: skrubu za funguo, mikia ya kamba iliyobaki mirefu, hata kifungo cha shati lako kinachogusa mgongo wa gitare. Mvumo ukinyamaza, mwizi amekamatwa. Kiisha gonga tumbo la gitare polepole kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mbao inatetema pahali, kuna ufa ao ubao wa ndani umebanduka; hapo inatakiwa gundi ya seremala.

Nne, ikiwa bado inakoroma, uliza: ni wapi? Hapa jibu linatoka katika gitare yenyewe.

Ikikoroma kamba ikiwa wazi, na kunyamaza unapobonyeza, ubaya uko kwenye daraja la juu: mkato umekwenda chini sana. Kwa kuhakikisha, bonyeza kamba kwenye chuma cha tatu, uangalie juu ya chuma cha kwanza. Panatakiwa kubaki nafasi ndogo kama unene wa karatasi. Ikiwa kamba inalala juu ya chuma, ndiyo hiyo.

Ikikoroma pahali pamoja tu, chuma kinachofuata kimeinuka. Weka ukingo ulionyooka wa rula fupi juu ya vyuma vitatu. Rula ikicheza kama mizani, cha katikati ndicho kirefu.

Ikikoroma karibu kila pahali, daraja la chini ni fupi, ao shingo imepinda kwenda nyuma. Pima kwenye chuma cha kumi na mbili: kati ya kamba na chuma panatakiwa kuwa karibu milimita 2,5 mpaka 3.

Dawa yake sasa. Daraja likiwa chini, legeza kamba, toa daraja, weka chini yake kipande chembamba cha ganda la kaye, rudisha, jaribu. Haitoshi? Ongeza kingine. Imezidi? Punguza. Uzuri wa karatasi ni kwamba inakubali kutolewa. Tupa haina huruma hiyo. Daraja lililobandikwa kwa gundi usiling'oe kwa nguvu, umpelekee fundi. Chuma kilichoinuka kinaweza kurudi kwa kugongwa polepole na kipande cha mti. Kikikataa, ao ikiwa ni shingo iliyopinda, ni kazi ya fundi vilevile.

Jambo la mwisho ni majira. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, hewa inakauka na mbao zinasinyaa. Tumbo la gitare linashuka kidogo na kamba zinakaribia vyuma. Gitare iliyoimba vizuri wakati wa mvua inaweza kuanza kukoroma katika likizo kubwa, pasipo mtu kuigusa. Usiiache kwenye jua, wala usiitundike karibu na mabati. Itie ndani ya mfuko wake, pahali pa baridi. Na kipande cha karatasi ulichoweka kiangazi, ukikumbuke mvua zikirudi: pengine hakitahitajiwa tena.

Basi, ndugu, kamba kwanza, mkono wa pili, vilivyolegea vya tatu, karatasi ya nne. Tupa ibaki kwa fundi. Anayeshindwa alete gitare yake kwetu baada ya masomo, tutaisikiliza pamoja.