Fahamu: Calestous Juma, mwana wa Busia aliyefundisha ubunifu Harvard

Kwa nini watu hukataa teknolojia mpya? Swali hilo lilimshughulisha kwa miaka mingi Profesa Calestous Juma, aliyezaliwa mwaka 1953 na kukulia Port Victoria, Busia.

Alianza kama mwalimu wa shule ya msingi, akawa mwandishi wa sayansi wa Daily Nation. Mwaka 1988 alianzisha Nairobi kituo cha utafiti wa sera za teknolojia, ACTS, kisha akaenda kufundisha Harvard.

Kitabu chake cha 2016 kuhusu swali hilo la kukataa teknolojia kinasimulia kahawa ilivyopigwa marufuku Makka mwaka 1511 na wanamuziki wa Marekani walivyogoma kurekodi mwaka 1942. Hoja yake: wengi hawaogopi upya, wanaogopa hasara.

Alifariki Desemba 2017. Vijana wabunifu wa Busia na Malaba, msomeni.